Msimpeleke mtoto mmoja peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi wenu wa michezo aliyeandika Jumapili kuhusu Makhaya Ntini, mrusha mpira wa kasi wa Afrika Kusini. Nianze kwa kumpongeza. Katika gazeti ambalo kurasa za michezo huanza na Simba, huenda kwa Yanga, kisha hurudi tena kwa Simba, kumpa mcheza kriketi nusu ukurasa kunahitaji moyo. Ila alimalizia kwa ushauri ambao umeninyima raha tangu nilipousoma: eti kila mkoa umtafute Ntini wake, kijana mmoja tu mwenye kipaji, apelekwe Dar es Salaam akafundishwe na wanaojua. Sisi wa Dodoma tukaambiwa tumtafute kati ya watoto wanaochunga ng'ombe. Ng'ombe tunao, na watoto wa kuwachunga tunao. Ninachokataa ni kumpeleka mtoto huyo peke yake.

Najua kuna wasomaji watakaojiuliza bibi wa Chang'ombe ameijulia wapi kriketi. Mimi ni mzaliwa wa Kongwa. Wazungu waliokuja kulima karanga walipokwisha kushindwa na kuondoka, walituachia reli, majengo na mashamba yaliyochoka. Miaka ya uhuru wetu wakaja wageni wengine, wapigania uhuru kutoka kusini. ANC walifungua kambi yao Kongwa mwaka 1964, na Chris Hani alikuwa mmoja wa waliokaa pale. Sisi watoto tuliwaiga lugha yao yenye vidoko hadi mama zetu wakatukataza, wakidhani tunawasonya wakubwa.

Mmoja wao alizoeana na baba yangu. Alikuwa mtu wa Cape ya Mashariki, huko Afrika Kusini, mrefu, mpole, akipenda kukaa kwetu jioni na kusimulia kwao. Ndiye aliyesema kwamba kwao watu weusi wanacheza kriketi tangu enzi za mababu, katika shule za misheni kama Lovedale na Healdtown. Baba alicheka sana. Kwake kriketi ulikuwa mchezo wa Wazungu na Wahindi, na mtu mweusi uwanjani alikuwa wa kuokota mipira tu. Yule mgeni hakucheka. Alisema, "Mzee, sisi tunacheza. Hawatuandiki tu."

Basi mwaka 1998, niliposikia kwamba Mwafrika mweusi wa kwanza ameichezea timu ya taifa ya Afrika Kusini, na kwamba ametoka hukohuko Cape ya Mashariki, nilianza kumfuatilia. Wakati ule nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikifundisha hisabati na michezo. Marehemu mume wangu alizoea kuwaambia wageni, "Mama watoto anaangalia watu waliovaa nguo nyeupe wakisimama siku tano." Hakukosea sana.

Sasa nije kwa Ntini mwenyewe, maana makala yenu ilimpitia juu juu.

Alizaliwa Julai 1977 katika kijiji cha Mdingi, karibu na mji uliokuwa ukiitwa King William's Town, ambao siku hizi ni Qonce. Alichunga ng'ombe. Asubuhi za baridi alikuwa akisimama kwenye kinyesi kibichi cha ng'ombe ili miguu ipate joto. Wasomaji wa Dar es Salaam wataona ni ajabu, lakini mtu aliyechunga Kongwa au Mpwapwa mwezi wa Julai, upepo unakata na jua halijatoka, ataelewa mara moja. Afisa mmoja wa kukuza kriketi katika eneo la Border alimwona akirusha mpira, akamtafutia raba, maana mtoto hakuwa na viatu vya kuchezea. Kisha ikapatikana nafasi Dale College, shule yenye jina na yenye viwanja. Kwa hiyo jamani, kipaji hakikutembea chenyewe kutoka Mdingi. Kulikuwa na mtu mwenye mshahara, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini, na kulikuwa na shule iliyofungua mlango. Mwandishi wenu ameandika "bahati". Mimi naita ajira ya afisa michezo. Tuulizane ni maafisa wangapi wa namna hiyo wanaofika Hombolo au Mvumi wakiwa na jozi ya viatu mkononi.

Machi 1998 akacheza mechi yake ya kwanza ya siku tano, zile wenyewe wanaziita Test, dhidi ya Sri Lanka mjini Cape Town. Mwaka 2003, katika uwanja wa Lord's jijini London, aliangusha wiketi 10 katika mechi moja, yaani aliwatoa wapigaji kumi. Hakuna Mwafrika Kusini aliyekuwa amewahi kufanya hivyo pale, na mtoto wa Mdingi akapiga magoti akaibusu ardhi. Aprili 2005 huko Port of Spain aliwamaliza West Indies kwa wiketi 13, huku wao wakimpata mikimbio 132 tu, na mikimbio ndiyo pointi za kriketi. Hesabu hiyo haijafikiwa na Mwafrika Kusini yeyote katika Test moja. Mwaka 2006 Cape Town, katika mechi ya siku moja, Australia walitolewa wote kwa mikimbio 93, na sita kati yao aliwaangusha yeye kwa mikimbio 22 tu. Alipomaliza alikuwa na Test 101 na wiketi 390, na wiketi nyingine 266 za mechi za siku moja. Wakati anafikisha wiketi 300 za Test, kwao walikuwa wamemtangulia wawili tu, Allan Donald na Shaun Pollock.

Hapa lazima nimsahihishe mwandishi wenu jambo moja, na wenzangu walimu wa michezo mnisikilize. Ameandika kwamba watoto wetu, kwa kuwa wanaamia ndege kwenye mtama na uwele kwa kombeo na mawe, tayari ni warushaji wa kriketi. Si kweli hata kidogo. Mtoto anayerusha jiwe hukunja kiwiko kisha hukinyoosha kwa nguvu, na nguvu yote inatoka hapo. Kwenye kriketi hilo ni kosa. Mkono unazunguka juu ya bega, na sheria hairuhusu kiwiko kinyooke zaidi ya nyuzi 15 wakati wa kuachia mpira. Nimewahi kuwafundisha watoto waliokuwa hodari wa kupiga kwelea kwelea, na hao ndio waliopata taabu kuliko wote, maana mkono ulikuwa umeshazoea vingine. Mtoto ambaye hajawahi kurusha chochote hujifunza haraka zaidi.

Kama kuchunga kulimpa Ntini kitu, kilikuwa miguu na pumzi. Kazi ya mrusha mpira wa kasi ni kazi ya punda. Anakimbia kutoka mbali, anaruka, anatua kwa mguu wa mbele, na mguu huo unabeba mzigo unaozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa. Mpira wenyewe ni wa ngozi, una gramu zipatazo 160, na ukitoka mkononi kwa kasi ya kilomita 140 kwa saa unamfikia mpigaji kwa muda wa kama nusu sekunde. Halafu mrushaji anageuka, anarudi alikoanzia, anafanya tena. Ova moja ni mipira sita, na kwa siku anaweza kupewa ova 20 na zaidi, chini ya jua. Ndiyo maana wengi wao migongo hupata nyufa. James Anderson wa Uingereza, aliyestaafu kuchezea taifa lake Julai 2024 akiwa na wiketi 704 za Test, alipata ufa wa mgongo mwaka 2006 akiwa bado kijana, na kuna wengi ambao hawakurudi tena. Ntini kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa mtu wa kurusha tu, asubuhi hadi jioni, na makocha walijua kwamba wakimpa mpira saa kumi alasiri wakati wenzake wamechoka, atakimbia vilevile kama asubuhi. Alirushia kutoka pembeni kabisa mwa mstari, mpira ukaja kwa mshazari. Wataalamu walisema ni mtindo mbovu. Akaendelea nao hadi wiketi 390.

Kuna mechi moja ambayo mwandishi wenu aliitaja na akafanya vizuri kuitaja, ya Machi 2006 kule Johannesburg. Australia walikuwa wamepata mikimbio 434, kiasi ambacho hadi siku ile hakikuwa kimewahi kuonekana katika mechi ya siku moja. Afrika Kusini wakafukuzia hadi ova ya mwisho. Imebaki mipira mitatu, wanatakiwa mikimbio miwili, imebaki wiketi moja, na anayeingia kupiga ni Ntini, mtu ambaye kupiga hakukuwa kazi yake. Anayemrushia ni Brett Lee, mmoja wa warushaji wa kasi kubwa kabisa duniani. Ntini akaugusa mpira ukapita pembeni, akakimbia mara moja, matokeo yakawa sare. Mwenzake Mark Boucher akaupiga mpira uliofuata ukaleta mikimbio minne, wakashinda. Ntini alipata mkimbio mmoja tu, lakini ndio uliohitajika. Siku ile nilipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Mtu wa namna hiyo ungedhani chumba chake hotelini hakikosi wa kugonga mlango.

Mwaka 2020, miaka kumi baada ya kustaafu, Ntini alizungumza kwenye televisheni ya kwao. Alisema hakuna aliyekuwa akimgongea mlango kumwambia twende tukale. Wenzake walikuwa wakipanga mambo yao mbele yake bila kumhusisha. Akikaa nyuma kwenye basi la timu, wao wanakwenda kukaa mbele. Hivyo akawa asubuhi anampa dereva wa basi mkoba wake, na yeye anakimbia kwa miguu kutoka hotelini hadi uwanjani. Jioni hivyohivyo, anarudi akikimbia. Watu walimsifu kwa mazoezi. Kumbe alikuwa anakimbia upweke wa lile basi.

Mhariri, nilipoyasikia hayo nilizima televisheni. Maana na mimi nilikuwa nimewaambia wanafunzi wangu, mwaka baada ya mwaka, mwoneni Ntini, mechi imekwisha na bado anakimbia.

Sisemi kwamba wote walimchukia. Kutogonga mlango hakuhitaji chuki. Mnakuwa kundi la waliosoma shule zinazofanana, mnataniana kwa lugha ya nyumbani kwenu, na yule mmoja aliyetoka kwingine anabaki pale, anacheka mnapocheka bila kujua mnachekea nini. Wimbo wa taifa mnaimba pamoja, mkono begani. Kisha mnakwenda kula.

Haya ya Afrika Kusini yana historia yake nzito na sitaki kuibebesha Dodoma. Lakini mtoto wa mdogo wangu, wa kule Mpwapwa, alichaguliwa zamani kidogo kwenda shule moja ya mkoa mwingine kwa ajili ya riadha. Shule siitaji jina. Alikuwa na mbio kwelikweli. Alichaguliwa yeye peke yake kutoka kwetu, na kijiji kizima kilimsindikiza hadi kituo cha basi. Viatu alipewa, chakula kilikuwa kizuri kuliko cha nyumbani, mwalimu wake alimpenda. Aliporudi likizo akasema hataki kwenda tena. Wazazi wakafoka, babu yake akatishia laana. Mimi nilimkalisha chini ya mbuyu nikamuuliza taratibu. Akaniambia, "Mama mkubwa, kule mimi siitwi jina. Naitwa ombaomba."

Wenzangu Wagogo mnaujua utani huo. Tukiwa wengi tunaujibu, tunacheka, na anayetania anakuwa mtani wetu. Mtoto wa miaka kumi na mitatu akiwa peke yake bwenini, kila siku, kuanzia bombani hadi kitandani, huo si utani tena. Kama wangekuwa wawili kutoka Mpwapwa, nina hakika angebaki. Jioni mmoja angemwambia mwenzake neno la Kigogo, wangewacheka wale wengine, wangelala. Sasa hivi ana pikipiki yake anabeba abiria, ana watoto, hana kinyongo na mtu. Mbio zake zimeishia kwenye kukimbilia kipande cha mtaji, kama vijana wengi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwandishi wenu, kwa chama cha kriketi na kwa maafisa michezo wa mikoa ya kati ni huu. Mkija kuchukua watoto, msimchukue mmoja aliye bora kuliko wote. Chukueni wanne au watano kutoka shule moja, hata kama wawili kati yao si hodari sana. Hao wasio hodari watamfanya yule hodari abaki. Chukueni na wasichana, tena kwa idadi ileile, maana timu yetu ya taifa ya wanawake inacheza mechi za kimataifa, na mabinti wa kwetu wanaobeba maji kutoka mbali wana miguu isiyochoka. Na kama bajeti inaruhusu, mwalimu mmoja anayewajua awasindikize muhula wa kwanza. Nauli ya mwalimu ni ndogo kuliko hasara ya mtoto kurudi.

Watasema fedha hazitoshi kwa watano. Basi wabaki hapahapa, mwalimu aletwe kwao. Kriketi ya kujifunzia haihitaji nyasi za Lord's. Uwanja mgumu wa udongo mwekundu, ambao Dodoma umejaa, unadundisha mpira vizuri tu, na vifaa vya plastiki vinatosha kwa mwanzo. Shule moja ya msingi jirani na kwangu wanavyo, vimefungiwa stoo pamoja na majembe, kwa sababu mwalimu aliyefundishwa kuvitumia amehamishwa. Nimekwenda kuongea na mkuu wa shule na amenisikiliza vizuri. Ufunguo wa stoo ndio umekuwa hadithi ndefu.

Wengine watanijibu kwa mfano wa Alphonce Simbu. Kijana wa Singida, jirani zetu hawa, Septemba 2025 ametwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, akiwa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano hayo. Sote tumeshangilia. Lakini hata marathoni, mchezo ambao mtu hukimbia kwa miguu yake mwenyewe, mazoezi yake hufanywa kwa makundi. Sijawahi kumwona bingwa wa mbio ndefu aliyetengenezwa akiwa peke yake barabarani.

Na huko huko Afrika Kusini tazameni kilichobadilika. Juni 2025, palepale Lord's, waliwafunga Australia na kuwa mabingwa wa dunia wa Test. Nahodha alikuwa Temba Bavuma, mtoto wa Langa, Cape Town. Kagiso Rabada aliangusha wiketi tisa na katika mechi hiyo akampita Allan Donald kwa idadi ya wiketi za Test. Lungi Ngidi naye alikuwepo, yuleyule ambaye mwaka 2020 alisema waziwazi kwamba timu inapaswa kuzungumzia ubaguzi, akashambuliwa na wachezaji wa zamani. Niliwatazama wakipeana mikono baada ya mechi. Watu weusi watatu katika picha moja, na hakuna aliyelazimika kukimbia kwa miguu hadi hotelini. Ntini alifungua mlango huo. Alipofikisha Test ya 100 Desemba 2009 pale Centurion, iliyofuata ya Durban ikawa ya mwisho, wakamwacha, na mwaka uliofuata akatangaza kustaafu. Tangu hapo amefundisha, hata timu ya Zimbabwe imepita mikononi mwake, na mwanawe Thando naye ni mrusha mpira wa kasi.

Vijana wetu wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026, kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Kwa hiyo hatuzungumzi ndoto. Tunazungumza nani atakayefuata, na atakwenda na nani.

La mwisho, Mhariri, ni dogo. Picha mliyoiweka kwenye makala ile ni ya mtu aliyevaa kofia ngumu na kushika kibao cha kupigia. Sijui ni nani, lakini si Ntini. Tafadhali toeni masahihisho, na safari hii mtafute picha yake akiwa hewani, mkono juu, mpira haujatoka.

Ni mimi msomaji wenu,

Mwalimu mstaafu,
Chang'ombe, Dodoma.